Vyumba viwili vya wageni wenye ulemavu Luchelele: hela itarudi?

Loji_Luchelele: Wakuu, salaam. Loji ina vyumba 12 kando ya ziwa, hapa Luchelele, Mwanza. Bei ni elfu 60 kwa usiku. Ukitoa umeme, chai na ufuaji inabaki kama elfu 35. Fundi amekadiria milioni 3.2 kurekebisha vyumba viwili vya chini ili mgeni wa kitimwendo aweze kukaa. Baraza liko sentimita 45 juu ya uwanja, naye anasema mteremko wa mita 2 unatosha. Hela hii inarudi kweli? Na huo mteremko uko sawa?

Hesabu_za_Loji: Inarudi mkuu, ila usihesabu kichwa kimoja. Kwa chumba kimoja, milioni 3.2 ukigawa kwa 35,000 ni usiku 92. Lakini mgeni huyu mara nyingi ana familia, dereva au msaidizi. Wakichukua vyumba vitatu, kila usiku unabakiza 105,000, na gharama inarudi kwa usiku 31. Upande wa pili ndio unaouma: bibi asipoweza kuingia bafuni, ukoo mzima unahamia kwingine, na wewe hutajua kwa nini simu haikulia tena.

Usiwaze watalii peke yao. Hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa, na wengi hurudi kliniki na ndugu zao katikati ya wiki, siku ambazo vyumba vya ufukweni viko tupu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, anayetoka Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Semina za vyama vya watu wenye ulemavu nazo zinahitaji ukumbi na vyumba pamoja. Kosa kimojawapo, umekosa vyote.

Fundi_Mawe: Mita 2 ni hatari, kitimwendo kitarudi nyuma na mtu wake. Kanuni ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Kwa 45 unahitaji mita 5.4, na juu uache mita 1.5 tambarare ili mtu asimame na kufungua mlango. Uwanja ukiwa mfupi, kunja katikati, na kwenye kona uweke tena mita 1.5 tambarare. Upana mita 1.2, kingo za sentimita 10 pembeni. Usiweke marumaru hapo. Zege likiwa bichi lipige ufagio lipate mikwaruzo, maana mvua za masika zikianza utaona mtu anateleza.

Bafu ndipo pesa inapopotelea. Milango mingi ya bafu ina sentimita 70, na kitimwendo kina karibu hizo hizo. Weka fremu ya 90, upate uwazi wa kama 80, na ufunguke kwa nje: mtu akianguka ndani, mlango wa kufungukia ndani unazuiwa na mwili wake. Ondoa kizingiti cha bafu. Hapo fundi wengi hukosea mwinamo, maji yanaingia chumbani, wanakirudisha kizingiti na kazi imekwisha haribika. Tundu la maji liwe kona ya mbali na mlango, sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita, na umwage ndoo mbili za maji KABLA ya marumaru.

Vishikio: bomba la chuma la inchi 1, kimo cha sentimita 85, nafasi ya sentimita 4 kutoka ukutani. Fisha za plastiki (vile vya kushikilia skrubu ukutani) kwenye tofali lenye matundu hung'oka. Jaza zege sehemu hiyo, tumia bolti, kisha ning'iniza mifuko mitatu ya saruji. Kikicheza, rudia.

Mapokezi_Pasiansi: Nyongeza. Kitanda kiwe sentimita 45 hadi 50 pamoja na godoro. Vile vya kifahari vya 70 mtu hawezi kujihamishia. Kwa kiziwi, pokea oda kwa ujumbe wa simu na weka kengele ya taa. Kwa asiyeona, namba ya mlango iwe ya kushikika. Kwa mwenye ualbino, kivuli cha kweli ufukweni, si mwavuli mmoja.

Kwenye tangazo usiandike tu "tunapokea walemavu". Piga picha ya mlango wa bafu ukiwa na futi kamba juu yake, namba zisomeke, na ya njia yote toka gari linapoegeshwa. Kama kuna jiwe au ngazi mbili njiani, sema. Bei iwe ile ile. Na chumba hicho kitolewe kwa wengine mwisho kabisa, kisigeuzwe stoo ya magodoro.

Loji_Luchelele: Nashukuru sana wakuu. Kati ya lango na baraza kuna kokoto mita 20, hizo je?

Fundi_Mawe: Magurudumu ya mbele yatazama. Mwaga njia ya zege yenye upana wa mita 1.2 toka maegesho mpaka mteremko. Anza na hiyo.