Mwalimu mkuu ni mimi, acheni kuniuliza "mwenyewe yuko wapi"

Wakuu, nina hasira na leo sitaimeza.

Naongoza shule ya msingi mkoani Tabora, ukanda wa tumbaku. Wilaya siitaji. Juzi jioni lori la saruji limeingia, nimesimama mlangoni pa stoo na leja mkononi. Dereva akanipita kama nguzo, akampa karatasi mwalimu wa michezo, kijana aliyeajiriwa juzijuzi. Nikamwambia anayesaini ni mimi. Akamtazama kwanza yule kijana, mpaka alipotikisa kichwa ndipo akanipa kalamu! Karatasi inasema mifuko 50. Nimehesabu mara mbili, ipo 46. Fundi akanicheka mbele ya watoto: "Mama, mbona unashikilia vitu vidogo?"

Vidogo kwa nani? Ujenzi ni wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi, hakuna mkandarasi. Mkaguzi akija hamuulizi fundi, ananiuliza mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kamati. Wanakutana usiku kilabuni, wanapanga fundi nani na mchanga utoke kwa nani, asubuhi naletewa muhtasari niweke saini kama vile nilikuwepo. Niende kilabuni saa tatu usiku? Kesho kijiji kizima kitasema mwalimu mkuu malaya. Nisipoenda, "mama hashirikiani". Nikigoma kusaini, nina kiburi, mume wangu kashindwa kunitawala. Aliyenitangulia alikuwa anafokea kamati nzima, wakimsifu kwamba ana msimamo.

Msimu wa kuchuma tumbaku madarasa yanabaki nusu, watoto wako mabanini, kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku. Nimemfuata mzazi mpaka shambani, ananijibu, "Mwambie mumeo aje tuongee." Mume wangu si mwalimu, anauza vipuri vya baiskeli!

Halafu vikao. Ujumbe unaingia kwenye grupu usiku, "kesho saa mbili, bila kukosa". Nilikuwa nimetoka tu kwenye zile siku 84 za uzazi, nikaenda na mtoto mgongoni. Ofisa mmoja akaniambia hapa si kliniki. Watu wakacheka, hata wanawake wenzangu. Hiyo laki mbili ya posho ya madaraka mbona haina ya kike na ya kiume?

Muhtasari wa safari hii uko mezani, sijausaini, na saruji nimeandika 46. Mwenyekiti kanitumia salamu kwamba "tutaona". Akina mama mnaoongoza shule Urambo, Sikonge, Kasulu, Kibondo: mlipogoma kusaini, barua mlimwandikia nani, na nakala mlipeleka wapi? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.