Mashua hadi Takwa na marafiki: maji na upepo tuvipangeje?

Mgeni_Mokowe:
Assalaam aleikum wenyeji. Tuko sita. Januari hii tunataka kukodi mashua ya tanga, bila injini, kutoka Lamu mjini hadi Takwa, magofu ya mji wa kale kule kisiwa cha Manda, tulale usiku mmoja na kurudi kesho yake. Tunasikia hori yake, ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia huko, hukwamisha watu. Tuondoke saa ngapi, tubebe nini? Wawili kati yetu hutapika baharini.

Foromali:
Waaleikum salaam. Tazameni mwezi kwanza, ndipo muombe likizo. Hori ya Takwa hupitika maji yakijaa tu. Yakipwa ni tope na mizizi ya mikoko. Mashua ikikaa chini saa mbili baada ya kujaa, haielei tena mpaka zipite kama saa nane. Na mkipanda fungu la mchanga kwenye kilele cha bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ni balaa, kwa sababu maji yanayofuata ni madogo kuliko hayo yaliyowapandisha.

Wakati wa bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya tano baada ya mwezi mpevu hujaa mnamo saa mbili asubuhi. Mlangoni mwa hori mfike dakika 90 kabla, maji yakiwa bado yanapanda: mkigusa tope, yatawanyanyua yenyewe. Kesho yake yanajaa karibu saa tatu. Tokeni kabla hayajaanza kurudi.

Kaskazi, upepo wa msimu huu utokao kaskazini-mashariki, itawajia usoni wakati wa kwenda. Humo horini hakuna nafasi ya kupiga bisho, yaani kwenda pembe pembe dhidi ya upepo, shusheni tanga mshike pondo, mti mrefu wa kusukumia mashua. Bebeni mbili, moja huvunjika.

Binti_Shela:
Naongeza la demani, kamba ya kukazia na kulegezea tanga, maana ndiyo hupindua mashua. Msiifunge fundo kamwe. Izungushwe mara moja tu na mtu aishike mkononi, upepo ukipiga ghafla aiachie. Nahodha akisema "joshini", wote mhamie upande unaotoka upepo, bila kusimama.

Maji ya kunywa: lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani lita 48. Chukueni mitungi mitatu ya lita 20, muilaze katikati, chini kabisa, na kuifunga kamba. Hiyo ni farumi (uzito wa kutuliza mashua) tosha ya nyongeza. Mtungi ukiisha, ujazeni maji ya bahari, msirudi na mashua nyepesi.

Hao wawili wameze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya kupanda, wakae karibu na mlingoti, watazame mbali. Simu mfukoni.

Mshipi_Mrefu:
Jiko la makaa liwekeni ndani ya karai lenye mchanga, upande wa demanini, yaani upepo unakoelekea, cheche zisiruke kwenye tanga. Asubuhi ni mahamri na chai ya tangawizi iliyokwisha tiwa kwenye chupa.

Lipeni kiingilio, na ruhusa ya kulala iulizeni makumbusho ya Lamu kabla ya kuondoka. Jioni nendeni kwenye kaburi la nguzo, lina maandishi ya mwaka 1094 Hijria. Jua likiwa chini herufi zilizochongwa huingia kivuli na kusomeka vizuri zaidi.

Kurudi ndiko kutamu: mkishatoka horini, kaskazi iko mgongoni, tanga limejaa, mashua haiyumbi. Hapo tupeni mshipi nyuma.