Mjadala: Injini zisizo na tabo kwenye magari ya kifahari yenye kasi, tuziage au tuzitetee?

Mleta mada (Chumbageni)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Vijiwe vya hapa Tanga vimejaa hoja kwamba injini inayovuta hewa yenyewe, bila tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi), imekwisha kwenye magari ya kifahari yenye kasi. Mimi nakataa. Njooni tubishane kwa hoja.

Ferrari 458 ilikuwa na V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 4.5 iliyopanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Mwaka 2015 ikaingia 488 yenye tabo mbili. Inayoniuma zaidi ni Mercedes C63: ilianza na V8 ya lita 6.2, ikaja ya lita 4.0 yenye tabo, kisha toleo la 2022 likatoka na silinda nne, lita 2.0, tabo na mota ya umeme. Nguvu imeongezeka, sibishi. Mlio je?

Na walioleta mabadiliko haya si madereva, ni vipimo vya hewa chafu vya Ulaya. Injini ndogo yenye tabo ikiendeshwa taratibu kwenye kipimo hunywa mafuta kidogo. Ikanyage barabarani uone.

Tabo husubiri moshi uizungushe ndipo isukume hewa. Injini isiyo nayo hujibu mguu hapo hapo. Lexus LFA, V10 ya lita 4.8, ilitoka sailensa (injini ikinguruma tu bila kukanyagwa) hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6, mpaka Toyota, wenye Lexus, wakaacha mshale wa kawaida wa kuonyesha mizunguko na kuweka wa kidijitali. Kitu kama hicho unakiuaje?

Fundi wa Majani Mapana
Kaka, mada nzuri ila umeukwepa mlima. Toka Mombo upande Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa inapungua, na injini yako inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Yenye tabo inajisukumia hewa, haioni tofauti kubwa. Tena hiyo mizunguko 9,000 utaifikia wapi, barabara ya Segera yenye vijiji na vibao vya 50? Mtu anataka mvuto wa chini, yaani nguvu mizunguko ikiwa bado midogo, apite lori salama arudi upande wake.

Mleta mada
Fundi, hoja ya mlima ina uzito, na jibu lake lipo tayari. Lamborghini Revuelto ya 2023 ina V12 ya lita 6.5 isiyo na tabo pamoja na mota tatu za umeme. Mota haivuti hewa, kwa hiyo Lushoto haiisumbui, na mvuto wa chini inautoa yenyewe. Mizunguko ikipanda, V12 inaimba. Mimi naona njia ndiyo hii.

Ferrari nao mwaka 2024 wametoa 12Cilindri, V12 tupu bila tabo wala mota, mizunguko 9,500. Porsche 911 GT3 bado ni lita 4.0 bila tabo. Kwa hiyo injini hii haijafa, imekimbilia kwa matajiri. Iliyokufa ni ya magari ya bei ya kati, na hapo ndipo sisi tunapoumia, maana tunaendesha kilichokwisha kutumika Japani. Lexus IS F yenye V8 ya lita 5.0 haitengenezwi tena. Mark X ya lita 3.5 nayo iliishia 2019. Crown ikaletwa na lita 2.0 yenye tabo.

Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na uhai wake ni oili safi. Wewe unainunua imeshatembea miaka kumi, hujui mwenyewe wa kwanza alikuwa anamwaga oili lini. Nani anabeba hasara?

Fundi wa Majani Mapana
Betri ya hiyo Revuelto ikichoka unaipeleka kwa nani Tanga hii? Tabo naifungua, naisafisha, naifunga.

Mleta mada
Swali zuri, nawaachia na wengine. Wenye Crown za tabo, semeni: mmefika kilomita ngapi kabla ya kuigusa, na mnabadilisha oili kila baada ya ngapi?