Wakuu naombeni ushauri: nichukue hii F-150 iliyofungwa supachaja na dila au niiache?

Kibati_Houston:
Habari za muda huu wakuu. Niko Houston, Texas, mwaka wa sita sasa, napiga shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo. Kuna pikapu nimeiona kwa dila mmoja huku, Ford F-150 ya 2023, V8 ya lita 5.0, nyeusi. Dila wenyewe ndio wameifunga supachaja ya Whipple, wameishusha chini, wameipa rimu za inchi 22 na egzosi ambayo wakiiwasha tu unaisikia kifuani. Kiwandani inatoka na nguvu za farasi (HP) 400, hii wanasema inafika 700. Bei dola 79,000 kabla ya kodi. Muuzaji anasema waranti ipo na kuna mteja mwingine anakuja kuiona Jumamosi. Tangu Jumatatu silali, nikifumba macho naiona. Swali langu ni moja tu, injini itadumu? Wenye uzoefu wa supachaja naombeni msaada, na matusi tuweke pembeni.

Kipanga Mweusi:
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa siti ya mbele.

FundiSpana:
Mkuu, injini yenyewe si mbaya, tuanze na hapo. Supachaja inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki, si kama tabo inayotumia moshi, ndiyo maana ukikanyaga inaitika hapohapo. Kazi yake ni kushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa inapata moto, kwa hiyo kuna interkula, yaani kipoza hewa, yenye maji yake na pampu yake peke yake. Hiyo V8 kuanzia 2018 mgandamizo wake (injini inavyobana hewa na mafuta) ni 12 kwa 1, uko juu hata kabla hujaongeza chochote. Maana yake petroli ni ya oktani (uwezo wa kuhimili kubanwa) 91 kwenda juu maisha yako yote, siku ukibana hela ukaweka ya kawaida injini inaanza kugonga na pistoni ndizo zinalipa.
Waranti ya Ford kwa injini na gia boksi ni miaka 5 au maili 60,000. Kuna sheria huko Marekani ya mwaka 1975 inaitwa Magnuson-Moss, hawawezi kukufutia waranti yote eti kwa sababu gari ina kifaa cha nje, lazima waonyeshe kifaa hicho ndicho kilicholeta ubovu. Sasa pistoni ikitoboka ndani ya injini yenye supachaja, kuonyesha hivyo hakutawachukua hata siku mbili. Kwa hiyo nijibu: hiyo waranti umeiona kwenye karatasi au umeisikia mdomoni? Nani kaandika tyuni, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini? Na gari ni mpya kabisa au imetembea?

Mama Nasra:
Mdogo wangu, elfu sabini na tisa? Mimi niko Columbus, shemeji yangu alichukua gari kubwa hivyohivyo mwaka alioanza kuendesha malori, kila tukikutana msibani au harusini yeye ndiye anaulizwa habari za gari. Mwaka wa pili akawa anapaki nyuma ya nyumba ya rafiki yake ili benki wasilione. Akina mama tunajua sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, na wewe umekwisha kuamua.

Mtu wa Rongai:
Buda, si ungetafuta Hilux moja safi utume nyumbani ifanye kazi? Na ukifikiria kuleta hiyo F-150 Kenya siku moja, sahau, stelingi iko kushoto na hazisajiliwi hivyo, na pia zikizidi miaka 8 haziingii. Mimi uncle yangu alitoa yake Japan ikakaa bandarini Mombasa mpaka storage ikakaribia bei ya gari yenyewe. Hiyo stori niliwahi ihadithia hapa.

Kibati_Houston:
Asanteni wote. Fundi, karatasi ya waranti muuzaji kasema nitapewa siku ya kusaini. Gari ni mpya, ina maili 6,400 tu, walikuwa wanaitumia kuwapa wateja wajaribu. Mama Nasra nakuheshimu dada yangu ila sijaamua, ningekuwa nimeamua nisingeuliza. Halafu hii si anasa tupu. Nataka kuacha ghala nianze kubeba mizigo midogo ya watu, kuvuta trela wikiendi, nguvu ninaihitaji.

FundiSpana:
Maili 6,400 si mpya kaka. Waranti inaanza kuhesabiwa siku gari ilipoingizwa kazini mara ya kwanza, haikusubiri wewe. Waombe hiyo tarehe kwa maandishi.
Na hapo kwenye trela umenishtua. Kuvuta na kubeba hakuamuliwi na HP, kunaamuliwa na breki, ekseli, springi na matairi. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika nyeupe yenye mstari wa njano, imeandikwa watu na mzigo kwa pamoja visizidi paundi ngapi. Kisha kumbuka hiyo stika ilibandikwa kiwandani kabla hawajaishusha na kuivalisha rimu kubwa za matairi mepesi. Pikapu iliyoshushwa ni ya barabara na ya kupendeza, haijatengenezwa kubeba mizigo ya watu. Pia uliza kama waranti ya hiyo supachaja inakubali gari kufanyia biashara. Na bima waambie kuwa imeongezwa vifaa, usipowaambia siku ya ajali watakulipa bei ya F-150 ya kawaida.

Mwana wa Muscat:
Salaam kutoka Oman. Mimi nimekaa gereji miaka tisa, tunafunga hivi vitu kwenye Patrol za kupanda michanga. Jamaa yetu mmoja ilimfia pampu ya maji ya interkula mwezi wa saba, joto nyuzi 46, yeye hajui, taa haikuwaka. Gari ikawa nzito tu, kompyuta inajirudisha nyuma kuokoa injini, yeye akadhani ni mafuta mabaya akazidi kukanyaga. Tulipofungua plagi, ile ya silinda ya sita kaure yake ilikuwa na vidoa vidogo vinang'aa kama mchanga wa chumvi. Hiyo ilikuwa alumini ya pistoni. Houston nako kuna joto, sivyo? Kabla hujanunua mwambie dila atoe plagi zote nane mbele yako uziangalie kwa tochi. Akikataa, umeshapata jibu.

Baba Jeni:
Tuache plagi kidogo. Unalipaje?

Kibati_Houston:
Mkopo kama watu wote.

Baba Jeni:
Wa miezi mingapi, riba ngapi, kianzio ngapi? Umeandika aya nzima ya egzosi, hela hujaigusa.

Kibati_Houston:
Miezi 84, riba 9, kianzio 12,000. Benki imeshapitisha. Naimudu wakuu, nimepiga hesabu.

Baba Jeni:
Nami nimepiga. Kodi ya Texas 6.25 inakupeleka karibu 83,900. Ukitoa kianzio unabaki na deni la 72,000. Kila mwezi dola 1,158 kwa miaka saba, jumla 97,300, yaani zaidi ya elfu 25 ni riba tupu. Hapo hujaweka bima wala oktani 93. Na Whipple ile miaka saba haitakuwa na thamani uliyoilipia, mnunuzi wa pili anaiogopa gari iliyochezewa.

Kipanga Mweusi:
Wakuu mnachoka bure, hii ni chai, tena ya rangi. Ingieni kwenye nyuzi zake. Mwaka jana mwezi wa nane huyuhuyu alikuwa anauliza bati za msauzi geji 28 zinahitajika ngapi kwa nyumba ya vyumba vitatu Muheza. Leo yuko Houston ana HP 700? Lete picha.

Mtu wa Rongai:
Haiya! Kumbe tunafungua plagi za gari hewa.

Nyundo:
Nilijua. Mbeba mizigo wa ghala na elfu 12 ya kianzio wapi na wapi. Modi funga uzi.

Kibati_Houston:
[picha: stika ya mlango, paundi 1,612, na mkono wenye glavu ya kazini]
Haya. Hiyo ni leo saa nane mchana kabla ya kuingia shifti. Sitaki kubishana. Uzi wa bati ni wangu, nyumba si yangu, ni ya mama. Boma limefika lenta tangu mwaka jana, ilibaki kupaua. Ile 12,000 ndiyo ya paa. Nimeikusanya miezi kumi na tisa. Sikutaka kuisema kwa sababu najua mtaruka nayo na mtasahau swali. Lakini mama hajalala nje, anaishi kwa mdogo wangu, na mvua za masika zimeshapita, nikianza kubeba mizigo kwa miezi sita hela inarudi. Si kwamba nimemsahau.

Mama Nasra:
Wala hujamsahau, hakuna aliyesema hivyo. Sasa niambie ukweli wa mwisho. Umeshatoa dipoziti?

Kibati_Houston:
Elfu moja. Jumatatu.

Mama Nasra:
Ndiyo maana hulali.

Baba Jeni:
Soma ile risiti ya dipoziti neno kwa neno kabla ya kwenda tena, uone imeandikwa inarudi au hairudi. Mkataba wa gari wenyewe usiusaini ukitegemea utarudisha kesho, zile siku tatu za kubadili mawazo wanazosema watu hazihusu gari ulilonunua kwenye shoorum yake.

Kipanga Mweusi:
Mkuu naomba radhi kwa ile ya chai. Mimi boma langu Chanika lilikaa miaka minne, mti wa mpapai ukaota sebuleni, ukazaa. Mke wangu alikuwa anachuma.

FundiSpana:
Mrejesho tafadhali ukitoka kwa dila.

Kibati_Houston:
Mrejesho. Nimetoka huko. Plagi wamekataa kutoa, wanasema watapoteza muda wa fundi. Karatasi ya waranti ya supachaja nimeisoma nikiwa nimesimama, miaka 3 au maili 36,000, na kuna mstari unasema gari ya kubebea mizigo ya kulipwa haihusiki. Risiti ya dipoziti inasema inarudi mradi sijasaini mkataba. Nimeiomba, muuzaji kaniambia meneja hayupo nirudi Jumanne. Nikiwa natoka akaiwasha, sijui makusudi au bahati, na nikasimama pale mpaka ilipopoa.
Saa tatu usiku nikampigia mama, kule ni saa kumi na moja alfajiri, huwa ameshaamka. Nilitaka nimweleze kuhusu hela. Kabla sijafungua mdomo kaniambia fundi alikuja jana na futi kamba, wameshapima kenchi, na kuwa bati anazitaka za rangi ya kijani.

Mwana wa Muscat:
Ukamwambia nini?

Kibati_Houston:
Nilimuuliza kijani ipi.