Mdogo wangu kapata Division One ya CBG, ndoto yake udaktari. Asome kozi gani?

Kaka wa Vwawa

Habari zenu wakuu. Mimi niliishia kidato cha nne, natengeneza simu hapa Vwawa, mambo ya chuo nayasikia kwa watu tu. Baba alifariki 2019 na tangu hapo wadogo zangu wananitazama mimi.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kombi ya CBG. Baiolojia B, Jiografia B, Kemia C. Division One ya pointi 7. Nyumbani tulichinja jogoo, mama akalia kwa furaha.

Shida imeanza jana. Tangu baba augue, huyu binti husema atakuwa daktari. Kaenda steshenari kuuliza namna ya kuomba chuo, kaambiwa CBG udaktari hawachukui. Karudi kajifungia ndani. Mjomba anasema asome ualimu, jirani anasema uchumi, kila anayepita ana kozi yake. Dirisha la maombi liko wazi na siku zinakwenda. Nisaidieni, sitaki nimpoteze kwa kutojua kwangu.

Tabibu wa Kijijini

Pole kaka, na hongera kwa kusimama na wadogo zako. Kwa bahati mbaya aliyemwambia hakukosea. Shahada ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu za kidato cha sita, kila moja kuanzia D, jumla pointi 6. Yeye Fizikia aliiacha alipoingia CBG. Hata uuguzi msiuchukulie kirahisi: vyuo kadhaa vinataka somo la tatu liwe Fizikia, Hisabati ya juu au Lishe, na Jiografia haihesabiwi.

Njia ya kuzunguka ipo, nami ndiyo niliyopita. Unasoma diploma ya utabibu miaka mitatu, ukitoka na GPA isiyopungua 3.0, na kidato cha nne ulifaulu Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza, unaruhusiwa kuomba udaktari. Huko ni miaka mitano mingine, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Jumla tisa. Mimi niliishia kwenye diploma, nina wagonjwa wangu na naipenda kazi. Ila muulize kama anautaka udaktari wenyewe au anataka mtu mwingine asiugue kama baba yenu. Ni maswali mawili tofauti.

Mwalimu wa Kemia

Naomba niongeze jambo linalowachanganya wazazi kila mwaka. Pointi za NECTA (baraza la mitihani) na za TCU (tume ya vyuo vikuu) zinakwenda kinyume. NECTA A ni 1, kwa hiyo pointi 7 ni nzuri. TCU A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia shahada ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayotakiwa na kozi hiyo. Binti kwa Baiolojia na Kemia peke yake ana 7. Akichukua Baiolojia na Jiografia ana 8. Yuko vizuri sana, mwambieni hivyo leo.

Sasa, acheni kuuliza "CBG inasoma nini". Pakueni kitabu cha mwongozo kwenye tovuti ya TCU, kile cha waliomaliza kidato cha sita (kuna kingine cha wenye diploma, msivichanganye). Kila kozi ina mstari wake: masomo yanayotakiwa, pointi, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Someni mpaka mwisho wa mstari, maana humo ndimo wanamoficha masharti ya BAM (ile Hisabati ndogo ya kidato cha sita) au ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne. Nimeona wanafunzi wenye Division One wakikosa kozi kwa sababu ya F ya Hisabati waliyoisahau.

Kuhusu ualimu, mjomba hajakosea. Walimu wa sayansi wanahitajika na binti ana masomo ya kufundishia. Lakini asiende darasani kwa kukosa pa kwenda. Watoto watamjua wiki ya kwanza.

Hebu niambie, mkuu: likizo huwa anafanya nini bila kutumwa?

Mzee wa Dili

Kaka usihangaike. Siku hizi kozi haijalishi, apate digrii yoyote tu, mengine ni kujuana.

Mwalimu wa Kemia

Mkuu hapo juu, mtoto wa mjane hana wa kujuana naye. Ndiyo maana kozi yake inajalisha kuliko ya wengine.

Kaka wa Vwawa

Asanteni sana. Mwalimu, swali lako limenifanya nikumbuke kitu.

Tuna kahawa ya mama, ekari moja na nusu. Desemba iliyopita huyu binti alishinda shambani na daftari, anahesabu miti yenye chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, mstari kwa mstari. Akachora shamba zima, upande wa bondeni ambako ukungu unachelewa kuondoka na upande wa juu wenye jua. Bondeni matunda meusi yalikuwa mengi zaidi. Akamwambia mama apogoe miti ya huko ipitishe hewa. Mimi nilimgombeza, nikaona anapoteza muda wa kusoma. Daftari bado analo.

Fizikia ya kidato cha nne alipata C, Hisabati D. BAM alipata D.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, nimesoma hapa nikainuka kwenye kiti. Alichofanya huyo binti ndiyo kazi yenyewe. Chulebuni ni kuvu, inapenda unyevu na ubaridi, na yeye kaikamata kwa daftari la shule: Baiolojia na Jiografia zikiwa mahali pamoja. Wapo wanaofika mwaka wa pili chuoni hawajawahi kuhesabu mti hata mmoja.

Aangalie kozi za kilimo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro: Agronomia (sayansi ya mazao), Kilimo cha bustani, Kilimo cha jumla. Kama anapenda wanyama kuna Tiba ya wanyama, miaka mitano, na huo nao ni udaktari. Baiolojia na Kemia ndiyo moyo wa kozi hizo zote. Masharti mengine muyasome kwenye mstari kama mwalimu alivyosema.

Sitakudanganya kuhusu ajira. Nafasi za halmashauri hutoka kwa msimu, na mimi nilianza kwa miaka miwili nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo. Sikuijutia, pale ndipo nilipojifunza dawa.

Na jambo moja zaidi. Nyie mko Mbozi, na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ina kituo hapo Mbimba. Mpeleke. Abebe daftari lake.

Mama Wawili

Msisahau mkopo. Maombi ya chuo na maombi ya HESLB (bodi ya mikopo) ni vitu viwili, kukubaliwa chuo hakukupi mkopo. Kwa kuwa baba hayupo, cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha kifo cha baba vyote vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza. Watu wengi hukwama hapo.

Kaka wa Vwawa

Nimerudi wakuu. Tulienda Mbimba asubuhi. Mtaalamu mmoja alilifungua lile daftari, akamuuliza maswali karibu nusu saa, mimi nimesimama pembeni sielewi hata moja, yeye anajibu yote. Njiani kurudi hakuacha kuongea.

Jioni tumekaa na kitabu cha TCU kwenye simu yangu. Ameandika Agronomia ya kwanza, Tiba ya wanyama ya pili, ualimu wa Baiolojia na Kemia wa tatu. Ya utabibu ameandika ukurasa wa nyuma, anasema ataamua kabla ya Jumapili, na nimemwachia.

Mama Wawili, umetuokoa. Nimetoa vyeti kwenye sanduku la mama: jina la kati la baba kwenye cheti cha kifo limeandikwa tofauti na kwenye cheti cha binti, herufi mbili tu. Aliyewahi kurekebisha jambo hili RITA anieleze, nianzie ofisi gani na nibebe nini?