Slovenia 1991: waliwasaliti wenzao wa Yugoslavia au walijiokoa?

Mzee wa Kijiwe: Wakuu, mimi nasema ni usaliti mtupu. Slovenia ilikuwa na asilimia kama 8 tu ya watu wa shirikisho la Yugoslavia, imetajirika kwa kuwauzia wenzao wa kusini mafriji ya Gorenje, mambo yalipokaza tarehe 25 Juni 1991 wakaaga. Uchoyo wa watu wa milimani.

Kipanga: Uchoyo?? Na ule mfuko wa kuinua Kosovo na Macedonia walikuwa wanachangia mizimu? Mwishoni mwa 1989 Serbia ndiyo ilisusia bidhaa za Slovenia, yaani soko unafungiwa na ndugu yako halafu unaitwa wewe msaliti. Na hiyo "watu wa milimani" ni dharau mzee.

Mzee wa Kijiwe: Dharau iko wapi, mlima Triglav si wameuchora wenyewe kwenye bendera.

DadaMrima: Bendera ya sasa hiyo. Enzi za Tito, yule kiongozi wa Yugoslavia, ilikuwa na nyota nyekundu tu, usichanganye.

Kipanga: Tena Tito mwenyewe mama yake Mslovenia.

Mzee wa Kijiwe: Baba Mkroati, kazaliwa Kumrovec, Kroatia. Ukoo ni kwa baba.

DadaMrima: Kwa nani? Sisi Wamakonde ukoo ni kwa mama, Tito Mslovenia, faili limefungwa 😂

Fundi Rangi: Jamani mada ni usaliti nyie mko kwenye ukoo. Kura ya maoni ya Slovenia kujitenga, Desemba 1990, asilimia 95 walisema ndiyo.

Kipanga: 95 ya waliopiga, ukihesabu wapigakura wote ni 88 na ushee. Bado ni wengi mno.

DadaMrima: Wengi sawa, ila mbona hamuwataji waliofutwa? Februari 1992 watu zaidi ya 25,000, wengi asili yao Bosnia, Serbia na kwingineko, waliondolewa kwenye daftari la wakaazi kimyakimya. Mtu anaenda dirishani na kitambulisho chake, karani anakitoboa mbele ya macho yake.

Kipanga: Walipewa miezi sita ya kuomba uraia, tangazo lilikuwepo.

DadaMrima: Tangazo la kuomba uraia lilikuwepo, la kwamba usipoomba unapoteza na ukaazi wako wa miaka nenda rudi halikuwepo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilishaamua 2012 kwamba walidhulumiwa, kama unabisha panda ndege ukabishane nao huko Strasbourg.