Tupeane uzoefu: mche wako ulivukaje kiangazi cha kwanza hapa Mwanza?

Mama wa Buswelu
Mwangaluka ndugu zangu. Kiwanja changu kiko Buswelu, udongo wenyewe luseni, yaani wa kichanga, maji ukimwaga yanazama papo hapo. Mwaka juzi nilipanda miche 12, miembe, miparachichi na migrevilea, mwishoni mwa mwezi wa tano, maana ndipo hela ilipopatikana. Baada ya wiki mbili mvua ikakata. Kila jioni nikawa namwagia kikombe kimoja kimoja, na maji nanunua. Kufika mwezi wa nane imebaki mitatu. Niliing'oa iliyokufa nikaona mizizi imejizungusha duara, umbo lile lile la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, haijashika udongo hata kidogo. Iliniuma sana.

Mara ya pili nilisubiri vuli. Sikukimbilia mvua ya kwanza. Nilichimba kwanza nione kama unyevu umeshuka. Shimo sentimita 60 kwa 60. Udongo wa juu niliuweka kando, nikauchanganya na debe la samadi iliyooza vizuri, huo ndio uliorudi kuzunguka mizizi. Kiriba nilikichana kwa wembe nikakitoa chote, na mizizi iliyojizungusha chini nikaikata. Siku hizi naupa kila mche ndoo nzima mara mbili kwa wiki, kikombe nimeacha. Kikombe kinalowesha juu tu, na mizizi inabaki juu kukifuata. Kati ya miche 10, tisa imevuka mwezi wa tisa. Ninyi mlifanyaje?

Bugarika Mlimani
Shikamoo mama. Huku kwetu sururu inagonga jiwe kila mahali, hilo shimo la sentimita 60 ni ndoto. Nilizunguka na mtaimbo nikitafuta ufa wenye udongo kati ya majabali. Nilichogundua ni kwamba mvua ikinyesha, jabali lote linateremsha maji upande mmoja. Nikapanda mwarobaini pale chini, nikapanga mawe nusu mwezi upande wa bondeni ili maji yasimame. Ule mwarobaini sijaumwagilia tangu mwaka wa pili. Wa juu ya jabali, penye udongo kiganja kimoja, ulikauka.

Kisesa
Mimi maji hayakuwa tatizo. Mbuzi! Miche minane ililiwa usiku mmoja, ya jirani na yangu. Nikazungushia miiba kila mche, na pembeni nikachomeka vipande vya minyaa viwe uzio wa baadaye. Wenye watoto wadogo muwe makini, ule utomvu ukiingia jichoni ni hatari. Mimi nakata nikiwa nimevaa glavu, na watoto wako ndani.

Mzee wa Igombe
Wanangu, mimi niko karibu na ziwa, ila shamba liko nyuma ya zile mita 60 kutoka ziwani zinazolindwa na sheria ya mazingira ya 2004, kwa hiyo maji tunapandisha kwa ndoo. Nilisikia mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, ni mbolea nzuri, nikazika chini ya michungwa mitano. Usiku mbwa wa mtaa mzima walikuja wakafukua yote, miche ikalala mizizi juu. Sasa mapanki nayalundika kwenye biwi na majani na samadi, nafunika vizuri kwa udongo na mawe, nasubiri mpaka harufu iishe kabisa. Upepo wa ziwani nao unatikisa mche mpaka mizizi inalegea. Nachomeka mti pembeni, nafunga kwa kitambaa, tena kwa kulegeza. Kamba ya katani iliwahi kunikatia ganda la mwembe.

Kitalu Nyegezi
Mimi nauza miche, na naumia nikiona mtu anachagua ule mrefu kuliko yote. Mrefu ndani ya kiriba kidogo, mizizi imeshabanwa. Chukueni mfupi mnene. Ulizeni pia kama umezoeshwa jua. Uliotoka kivulini moja kwa moja unaungua majani siku ya tatu. Na mwembe wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, pale palipoungwa pabaki juu ya udongo. Machipukizi yakitokea chini ya hapo, yang'oeni mapema, la sivyo mtakuja kuvuna maembe ya mti wa chini.

Mama wa Buswelu
Marahaba mwanangu wa Bugarika. Mzee, shikamoo. Hivi magugu maji yanafaa kwa matandazo ya kufunika udongo kuzunguka mche? Nyasi kavu huku mchwa wanazipenda mno.

Mzee wa Igombe
Marahaba mama. Yanafaa, mimi natumia. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, tena mbali na maji na mitaro, yasije yakarudi ziwani. Tandaza unene wa kiganja, ila acha nafasi ya ngumi kuzunguka shina. Asubuhi funua uangalie. Ukiona njia za udongo za mchwa zinaelekea kwenye shina, ondoa matandazo yote wiki hiyo.